Meza ya Gemu: Bibi wa miaka 71 anaanza levo ya kwanza, kuna shida gani?

Mwezi huu barua nyingi zimeangukia jambo moja, wahusika wazee wanaoanza safari wakati wenzao wa rika lao wamekaa barazani, kwa hiyo nimeona niziweke pamoja. Kwa mgeni wa safu hii: tunaongelea Dungeons & Dragons, gemu ya kukaa mezani, mmoja anaendesha hadithi, huyo ndo DM, wengine kila mtu na mhusika wake, mnaongea na kurusha dadu. Levo ya 1 ni ya anayeanza, ya mwisho ni 20. Wizadi ni mchawi anayejifunza vitabuni, na speli ni uchawi mmojammoja anaoutamka. Namba nitakazotaja ni za toleo la 2014, manake ndo kitabu walichonacho wote walioandika.

*

*Shikamoo dada. Nasoma chuo hapa Dar, tumeanza D&D na wenzangu hosteli. Nimetengeneza bibi wa miaka 71, wizadi wa levo ya 1. DM wetu kagoma, anasema mtu wa umri huo asiyejua zaidi ya speli mbili tatu haingii akilini, kwa hiyo ama nimpunguze awe 25 ama nikubali akatwe nguvu na wepesi kwa sababu ya uzee. Wenzangu nao wanasema atakufa pambano la kwanza. Mi nampenda huyu bibi, nifanyeje?*
Mwanachuo, Ubungo

Marahaba mdogo wangu. Usimpunguze hata mwaka mmoja.

Tuanze na hilo la kutoingia akilini. Levo haipimi umri wala mtu ameona mangapi, inapima kazi moja tu, ile ya kutoka kijijini na kwenda kukabiliana na vitu ambavyo watu wengine wanavikimbia. Angalia kitabu cha viumbe, raia wa kawaida, muuza samaki au fundi viatu, ana pointi 4 za uhai na kila uwezo wake ni 10, levo hana kabisa. Yaani watu karibu wote wa ulimwengu ule wanazaliwa, wanaoa, wanalea, wanazika na kuzikwa bila kufika hata hiyo levo ya 1. Bibi yako kaingia kazi mpya, na kazi mpya unaanzia chini hata kama una wajukuu. Halafu muulize DM wako hivi: elfi, kiumbe wa hadithi anayefanana na mtu, kwenye kitabu cha wachezaji anahesabika mtu mzima akikaribia miaka 100 na anaweza kuishi mpaka 750, anakuja mezani na miaka yake 120, levo ya 1, na hamna anayemuuliza karne nzima alikuwa anafanya nini. Kwa nini bibi wa kibinadamu ndo adaiwe maelezo?

Ila maelezo mpe, tena mengi, kwa sababu hapo ndo kuna utamu wenyewe. Mi huwa nataka kujua mambo mawili kwa mhusika mzee: alikuwa anafanya nini siku zote hizo, na kwa nini ametoka leo, sio mwaka jana. Mfano, chukua mwanamke aliyekuwa mnakili kwenye nyumba ya wizadi mkubwa. Maisha yake yote ananakili vitabu vya mwenzie, anajua bei ya wino, anajua ngozi ipi inashika wino na ipi inauachia, anajua kwenye ukurasa wa speli ya usingizi kuna mstari bwana wake alikuwa anaukosea kila mara na yeye anaurekebisha kimyakimya, lakini hajawahi kuruhusiwa kuusoma kwa sauti. Bwana kafa, warithi wamekuja na mkokoteni kuuza vitabu, na usiku huo yeye kafunga kibegi chake kaondoka na karatasi alizojiandikia. Sasa angalia kanuni zinavyokubaliana na maisha yake: wizadi wa levo ya 1 anaanza na kitabu chenye speli 6, na kila speli mpya ya levo ya 1 akiikuta njiani kuinakili ni saa 2 na vipande 50 vya dhahabu. Kwa wizadi wa miaka 20 hiyo ni gharama tu ya kulipa ipite. Kwa huyu bibi ni kazi yake ya mikono, ataketi, atachonga kalamu, atalalamikia wino wa mji huu, na mezani wote watakaa kimya wamsikilize. Ukimpa usuli (yaani maisha aliyotoka nayo) wa msomi anapata ujuzi wa mambo ya uchawi na historia. Kama ulimfikiria mfanyabiashara zaidi basi usuli wa fundi wa chama unampa kusoma watu na kushawishi, hiyo nayo inamfaa mno.

Kuhusu kukatwa. DM wako hajalitoa hilo hewani, lilikuwepo kweli kwenye toleo la tatu la mwaka 2000. Binadamu akifika 35 alianza kukatwa, akifika 53 akakatwa tena, akifika 70 jumla amepoteza 6 kwenye nguvu, 6 kwenye wepesi na 6 kwenye ustahimilivu. Lakini toleo hilohilo lilimrudishia 3 kwenye akili, 3 kwenye busara na 3 kwenye mvuto! Toleo la tano, ndo hili la 2014, halina yote mawili, umri hauna adhabu wala zawadi. Kwa hiyo anachotaka kufanya DM wako ni kuchukua nusu ya kanuni ya zamani, ile nusu inayouma, na kuibandika kwenye gemu ambayo haikujengwa kuibeba. Hiyo sio haki, na umwambie kwa upole lakini umwambie.

Mpe na hesabu aione. Tuseme umepanga namba za kawaida za kuanzia, 15, 14, 13, 12, 10 na 8, ukaweka 15 kwenye akili, 14 kwenye ustahimilivu, 12 kwenye wepesi na ile 8 kwenye nguvu, kisha ukaongeza 1 kila mahali kwa kuwa ni binadamu. Pointi zake za uhai ni 6 za uwizadi na nyongeza ya 2 inayotokana na ustahimilivu wake wa 15, jumla 8. Sasa kata ustahimilivu kwa 6, unabaki 9, badala ya kuongezewa 2 anapunguzwa 1, na pointi za uhai zinabaki 5. Goblini, yule adui mdogo wa kuanzia, akikupata anarusha dadu ya pande sita anaongeza 2. Bibi mwenye 8 anaanguka goblini akipata 6 tu, bibi mwenye 5 anaanguka akipata 3 au zaidi. Hiyo ndo tofauti ya mhusika anayeweza kucheza na mhusika wa kuzikwa wiki ya kwanza. Na ona kwamba uzee wake umeshauonyesha bila adhabu yoyote, ile 8 uliyoweka kwenye nguvu inatosha, hanyanyui mlango, anamwita kijana.

Wenzako wanaosema atakufa wanasema kweli kuhusu mawizadi wote wa levo ya 1, kijana mwenye namba hizohizo ana pointi 8 zilezile. Mfundishe kukaa nyuma ya mpiganaji, ajiwekee speli ya deraya ya kichawi asubuhi, inakaa muda wa saa 8 na inampa kinga ya 14, na asiache speli ya usingizi nyumbani. Ile inarusha dadu 5 za pande 8, wastani inapita kidogo 22, hizo ndo pointi za uhai anazoweza kulaza, na goblini mmoja ana 7, yaani kwa neno moja anaweza kulaza goblini watatu. Hakuna kijana kwenye hiyo timu atakayefanya hivyo siku ya kwanza.

Na kuna kitu mtakipata ninyi hapa kwetu bila hata kurusha dadu. Timu ya vijana ikiwa na bibi ndani yake kila kitu kinabadilika, shujaa mwenye upanga anaanza siku kwa shikamoo, hawezi kumkatiza akiongea, begi lake anabebewa, na akifika kwenye geti la mji akamsalimia mlinzi na kumuuliza wewe mtoto wa nani, DM mzuri atakwambia rusha kushawishi na atakupa nafasi nzuri, kwa sababu yule mlinzi naye ana bibi. Mezani kwetu nimeona mlango mzima wa ngome ukifunguliwa kwa salamu tu.

*

*Asalaam aleikum dadangu. Mimi ni DM hapa Mombasa. Nina mchezaji mmoja, rafiki yangu mpenzi, mhusika wake ni mzee wa miaka 69, mpiganaji wa levo ya 1. Shida ni kuwa kila dakika ni mgongo wangu, goti langu, enzi zetu hatukufanya hivi, sauti ya kutetemeka na kukohoa mwanzo mpaka mwisho. Wakipata kazi yeye hataki kwenda, na wenzake akiwaona wanafanya jambo awahubiria. Wenzake wamechoka, nami sitaki kumvunja moyo.*
DM, Kisauni

Waaleikum salaam ndugu yangu. Huyu rafiki yako hachezi mzee, anacheza uzee, na uzee peke yake hauna mtu ndani. Hebu kila mmoja awataje wazee wa mtaani kwake. Kuna yule anayewafunga vijana bao mpaka wanakimbia, kuna yule anayeficha sukari mtoto wake asimwone, kuna mama mmoja namfahamu alijifunza kuendesha gari akiwa na wajukuu shule ya msingi na sasa ndo anayewapeleka. Wana wivu, wana madeni, wana watu wanaowapenda bado, wana mambo wanataka kuyaona kabla hawajaondoka. Kohozi haliwezi kubeba hadithi ya miezi sita.

Mkalie pembeni, sio mezani mbele ya watu, mpe chai, muulize mzee wako anataka nini. Usikubali jibu la anataka kupumzika, aliyetaka kupumzika hajashika upanga. Anatafuta nani? Anakimbia aibu gani? Nani kamwambia huwezi? Akikujibu kwa dhati ataona mwenyewe kwamba mtu anayetaka kitu hakatai safari kila wiki.

Mwili wake muachie jambo moja tu. Labda sikio la kushoto halisikii vizuri, basi, litokee mara mojamoja pale linapoleta kitu, mfano watu wa timu wanamnong'oneza kutoka upande huo na yeye anajibu jambo lingine kabisa, na adui anasikia. Goti, mgongo, kifua, macho na sikio vyote kila usiku, hapana.

Hilo la kuwahubiria wenzake ndo kubwa kuliko yote, na dawa yake iko kwenye levo yake. Mzee huyu ni mwanafunzi. Kwenye karatasi yake nyongeza ya ujuzi ni 2, sawa na mtoto wa miaka 18 aliye pembeni yake. Kwa hiyo mtengenezee nafasi za kufundishwa. Msichana mpiga upinde amwonyeshe namna ya kufunga kamba upya baada ya mvua, mikono ya mzee inakosea, anarudia, binti anashika vidole vyake anampanga, halafu kesho yake mshale wa mzee ndo unaopiga. Mwisho wa kila kikao muulize mbele ya wote, mzee leo kajifunza nini na kwa nani? Mi naamini kabisa hapo ndo thamani ya mhusika wa namna hii ilipo, mtu aliyeheshimiwa maisha yote anakaa chini na kusema nifundishe. Anajua mengi ya dunia na hajui kitu kuhusu kazi hii, vyote viwili kwa pamoja. Rafiki yako akionja hiyo hatarudi kwenye kukohoa.

*

*Niaje dada. Tulikutana na mzimu kwenye jumba bovu, nikafeli kurusha busara vibaya sana, nilihitaji 13 nikapata 6. DM akarusha akasema nimezeeka miaka 40. Mhusika wangu alikuwa na 24, sasa ako na 64, na tuko levo ya 3 tu. Hatukuwa na mtu wa kunirudisha na siku imeshapita. Nimtupe nianze mwingine?*
Jamaa wa Umoja, Nairobi

Usimtupe jamani, umepewa zawadi ambayo wengine wanaiandika wenyewe na bado haitoki vizuri.

Kwanza DM wako yuko sawa kabisa. Uso wa kutisha wa mzimu, ukikosa kwa 5 au zaidi, unakuzeesha miaka 10 mara dadu ya pande nne, na yeye akapata 4. Kinachorudisha ni speli ya urejesho mkuu, ndani ya saa 24 tu. Hiyo ni speli ya levo ya tano (speli zina levo zake, sio sawa na za mhusika), kasisi wenu angekuwa levo ya 9 na angehitaji vumbi la almasi la vipande 100 vya dhahabu. Kwa timu ya levo ya 3 isiyo karibu na hekalu kubwa hapo hamna mlichokosea.

Namba zako hazibadiliki hata moja. Nguvu ni ileile, pointi za uhai zilezile, upanga unashika vilevile. Kilichobadilika ni watu. Umelala kijana umeamka mzee, ndani una miaka 24, hujaoa, na unakanyaga kijijini kwenu dada yako mkubwa anatoka mlangoni anakwambia shikamoo mzee, karibu, unamtafuta nani. Utamjibu nini? Utaitikia marahaba? Tukio hilo muombe DM wako mapema, na msilikimbize. Halafu yule msichana uliyemuahidi kurudi baada ya mavuno, na vijana wa rika lako waliokuwa wanakuita kwa jina la utani sasa wanakupisha kiti, na mabaraza ya wazee yanakuuliza maoni yako juu ya mashamba ambayo hujawahi kuyalima. Wewe ni kinyume cha bibi wa Ubungo, yeye ana miaka na hana levo, wewe umepewa uso wa miaka usiyoishi.

Na una jambo la kulifukuzia hadithi yenu nzima. Kuna dawa ya maisha marefu, adimu sana, ukinywa inakupunguza miaka 7 mpaka 12. Ya kwanza haina shida. Ya pili ina asilimia 10 ya kukuzeesha badala ya kukupunguza, ya tatu 20, ya nne 30. Kurudisha miaka 40 yote unahitaji kama chupa nne au tano. Kila chupa DM wako anaweza kuigeuza safari, na kila ukishika kizibo utajiuliza kama hii ndo itakayokumaliza. Wapo pia watu kwenye timu wanaoweza kukuonea huruma bila kujua, monki (mtawa mpiganaji) akifika levo ya 15 udhaifu wa uzee haumgusi tena, druidi (mchawi wa porini) wa levo ya 18 miaka 10 ikipita mwili wake unahesabu 1. Kama mna mmoja wao, ongeeni usiku mkiwa mmekaa kwenye moto.

*

*Mwanangu, salaam. Mimi ni mstaafu, nina miaka 66, nipo Morogoro. Mjukuu wangu yupo Toronto na wenzake wanacheza hii gemu kwa video kila Jumamosi, amenialika. Kiingereza nakimudu. Sijawahi kucheza kitu cha namna hii. Je, nichukue mhusika mzee kama mimi au kijana? Na nianzie wapi?*
Babu, Morogoro

Shikamoo baba. Barua yako nimeisoma mara nyingi na nimefurahi sana.

Hii gemu ilitoka mwaka 1974, Lake Geneva kule Wisconsin, Marekani, kwa Gary Gygax na Dave Arneson, wakati huo huenda ulikuwa bado shuleni. Kwa hiyo usije ukaona ni kitu cha watoto, wapo waliocheza siku hizo na mpaka leo wanacheza.

Mhusika chukua yule unayemtamani. Watu watakwambia chukua mzee utamjua vizuri, na ni kweli, lakini wapo wazee wengi wanaotaka kukimbia tena, kuruka ukuta, kupanda farasi, na hapa unapewa bure. Ukichukua kijana basi mjukuu wako ndo aambiwe achukue mzee, muone mtakavyoitana! Ningeomba tu usikubali wakupe mzee kwa sababu wewe ni mzee. Uchague mwenyewe.

Kwa kuanza, mpiganaji ndo rahisi. Ana pointi 10 za uhai na juu yake unaongeza ustahimilivu, hana orodha ya speli ya kukariri, na akichoka katikati ya pambano anavuta pumzi na kurudishiwa dadu ya pande kumi kuongeza levo yake. Mambo mengine yote karibu yanakwenda namna moja, unasema unataka kufanya nini, unarusha dadu ya pande ishirini, unaongeza namba iliyo kwenye karatasi yako, DM anakwambia umefika au hujafika. Utajifunza kama ulivyojifunza bao, kwa kukaa na kutazama na kuingiza mkono, sio kwa kumaliza kitabu kwanza.

Kununua kitabu sio lazima. Tangu Januari 2023 kanuni za msingi zimewekwa huru chini ya leseni ya Creative Commons, zinapakuliwa bure kabisa, ziko kwa Kiingereza. Mwambie mjukuu akutumie hizo pamoja na karatasi ya mhusika, nawe uende stesheneri wakuchapishie kwa herufi kubwa, ile ya kawaida ina maandishi madogo hata kwa vijana. Dadu mkikosa Morogoro zipo programu za simu za kurusha, na mjukuu anaweza kukurushia huku unaona kwenye skrini.

Jambo moja la saa. Toronto wako nyuma yetu kwa saa 7 au 8 kutegemea majira, kwa hiyo wao wakikaa saa nane mchana wewe inakuwa saa tatu au saa nne usiku, na vikao vyao mara nyingi vinakwenda zaidi ya saa tatu. Waombe waanze asubuhi yao. Ukiomba wewe watakubali, na ukishamtengeneza huyo mhusika tafadhali baba niandikie umempa jina gani na umri gani.